Bandari isiyo na ratiba inaturudisha kwenye malori

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu bandari za maziwa na usafiri usiochafua mazingira ilisifu gati na meli za Ziwa Nyasa bila kumuuliza hata mwenye mzigo mmoja kama amewahi kuufikisha mzigo wake bandarini akajua utaondoka lini.

Hoja yenyewe siipingi. MV Njombe na MV Ruvuma zina uwezo wa kubeba tani 1,000 kila moja, shehena ambayo barabarani ingehitaji malori zaidi ya 30 ya tani thelathini thelathini, na MV Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021 huchukua abiria 200 pamoja na tani 200 za mizigo. Mzigo unaoelea hutumia mafuta kidogo sana kwa kila tani, na hilo halihitaji mtaalamu kutueleza sisi tuliokulia kando ya ziwa.

Miaka michache iliyopita nilinunua mifuko 40 ya saruji Kyela ili nimsakafie mama yangu nyumba yake kule Lupingu, wilayani Ludewa. Wakala mmoja wa mizigo alipokea nauli yote, akanihakikishia kwamba chombo kingeondoka Alhamisi, kisha akaipanga mifuko ile juu ya udongo mtupu, akaifunika kwa turubai lililochanika pembeni. Alhamisi ikapita, Jumamosi ikapita, na kila nilipouliza nilijibiwa kwamba nisubiri. Ilikuwa Aprili, na mvua ya Kyela wakati huo haina masihara. Siku ya sita alfajiri niliinua mfuko wa chini nikaukuta umekuwa jiwe, na alama za kokoto zimejichora kwenye karatasi yake. Mifuko 11 ilikuwa hivyo hivyo. Nauli sikurudishiwa.

Iliyobaki nikaikodia lori, na hapa ndipo ninapoomba waandishi wenu wafungue ramani. Lori lilitoka Kyela, karibu na usawa wa ziwa, ambao ni kama mita 475 kutoka usawa wa bahari. Likapanda Tukuyu na kuvuka safu ya Uporoto kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Likateremka Uyole, likafuata barabara kuu hadi Makambako, likapanda tena Njombe, likaenda Ludewa, na mwisho likashuka milima ya Livingstone kwa gia nzito hadi ufukweni Lupingu, kwenye maji yale yale ya ziwa lile lile. Zaidi ya kilomita 400 za kuunguza dizeli milimani, ili saruji iliyoanza safari kando ya Ziwa Nyasa iishie kando ya Ziwa Nyasa! Dereva alinieleza kwamba safari za namna hiyo amezizoea, kwa kuwa wenye mizigo wengi huchoka kusubiri. Basi moshi ule uliopanda Uporoto uandikwe kwenye hesabu ya nani, ikiwa kila anayesifu usafiri wa maji huhesabu tani ambazo meli inaweza kubeba na kuziacha zile zilizoikimbia? Kina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, huvusha vyungu vyao kwa mitumbwi kwenda sokoni Matema, na vyungu havivunjiki wala havikosi wateja, kwa sababu siku ya soko inajulikana na kila mtu.

Kuna jambo lingine linaloniuma. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, lakini ukipita Rungwe utaona majembe yamefika hadi kwenye maji. Udongo huo huteremka na mito hadi ziwani, ukajaza tope mahali ambapo meli inatakiwa kuelea. Mwaka huu tunachimba tope, mwaka ujao tunalima tena kingoni, halafu tunashangaa kina kimepungua.

Ninachoomba ni kidogo na kinajulikana bei yake. Liwekwe bao moja la mbao, lililopakwa rangi nyeusi, kwenye stendi ya mabasi ya Kyela na jingine Ludewa mjini, liandikwe kwa chaki kila Jumatatu saa mbili asubuhi: jina la meli, siku ya kuondoka, vituo, na nauli ya gunia au mfuko mmoja. Meli ikiahirishwa kwa sababu ya mwera, ule upepo mkali wa ziwani, au ubovu, iandikwe siku hiyo hiyo. Pili, kila gati lipate ghala lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa walau futi mbili kutoka ardhini, na likamilike kabla ya Machi, maana baada ya hapo mvua haitamsubiri fundi.

Mfanyabiashara,
Uyole, Mbeya