Tumebaki na stori, sura ya Clara hatuna

Mhariri, habari za kazi. Kwenye safu yenu ya sinema wiki iliyopita mwandishi kasema zile komedi za mapenzi za enzi ya filamu bubu zikipotea hamna hasara, eti stori zote zile zile, wanapendana wanazinguana mwisho wanaoana. Imeniuma kwa kweli.

Chukueni filamu ya Red Hair ya 1928, ya studio ya Paramount, dairekta Clarence Badger na staa wake Clara Bow. Filamu yenyewe imepotea, stori tunayo. Clara ni binti wa kutengeneza watu kucha, kuna wazee watatu wanamhonga kila mmoja kivyake, afu yeye anapenda kijana mmoja tajiri kumbe wale wazee ndo walezi wake huyo kijana! Siku ya sherehe ya uchumba anavua vitu walivyomnunulia, pale pale mbele ya wageni, anawarudishia. Haya, stori mmeijua, sasa mmeona nini? Alimtazamaje yule mzee wa kwanza? Alikuwa anacheka au machozi yanamlenga? Filamu bubu kila kitu kipo usoni na uso haukuandikwa popote.

Vimebaki vipande vifupi tu, vikiwemo vya rangi, maana kuna sehemu ilipigwa kwa Technicolor ili watu waliozoea kumuona kwenye nyeusi na nyeupe wazione hizo nywele nyekundu. Nilitazama kwenye simu, ni nyekundu kama shaba iliyosuguliwa, na hujakaa sawa imeshaisha, nikairudia nadhani mara kumi.

Na filamu hizi hazikupotea zenyewe. Filamu za sauti zilipoingia, studio hazikuona tena faida ya kuzitunza hizi bubu, na ile mikanda ya naitreti, aina ya plastiki waliyopigia filamu enzi hizo, ikikaa vibaya inaanza kunata kama gundi mwisho inakuwa unga wa kahawia. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti 2013, kati ya filamu bubu ndefu za Marekani karibu 11,000 ni asilimia 14 tu zipo kamili kwenye mkanda wake wa asili wa milimita 35.

Hata filamu inayoitwa It, ya Clara huyo huyo, ya 1927, walishaihesabu imekufa mpaka kopi ikaonekana Prague miaka ya 1960. Namuomba mwandishi wenu aitafute hiyo aitazame yote, asiangalie stori, amwangalie Clara, afu safu ijayo atuandikie tena.

Msomaji wenu, Tanga