Mhariri, mkimaliza kupiga picha rudini tena

Mhariri,

Naomba niseme kuhusu hii michango yetu maana naona moyo ndo unatuendesha, na wenye kuuza na kuchangisha wanalijua hilo vizuri. Chukua grupu lolote la WhatsApp hapa Kampala, mtu akifiwa hela zinaingia kwenye simu ya mweka hazina kabla hata mwili haujatoka mochwari, lakini humohumo kuna mama anasafishwa figo hospitali ya Kiruddu kila wiki, mwezi wa kwanza tulimchangia vizuri, wa pili wachache, sasa hivi akiandika watu wanapita tu. Sio roho mbaya jamani. Ugonjwa wa muda mrefu hauna habari mpya ya kumtoa mtu machozi.

Watafiti wa Marekani, Small, Loewenstein na Slovic, walilipima hili wakachapisha 2007. Watu walipewa dola 5 wakaulizwa watatoa ngapi kwa wenye njaa Afrika. Walioonyeshwa mtoto mmoja, Rokia wa Mali, miaka 7, walitoa wastani wa dola 2.38, waliopewa takwimu za mamilioni wakatoa 1.14, na waliopewa Rokia pamoja na takwimu wakashuka hadi 1.43! Yani hesabu inapoza huruma. Hilo linaniuma kwa sababu Uganda tuna wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa na sijaona grupu hata moja linachangisha.

Na ile video ya 2012 ya kutaka Kony akamatwe, yule kiongozi wa waasi waliotesa kaskazini mwa Uganda, mnaikumbuka, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku chache, vijana wa ng'ambo wakanunua bangili za kampeni hiyo wakiamini wanatuokoa, wakati Kony alikuwa ameshaondoka Uganda miaka mingi. Ilipoonyeshwa Lira, mji wa huko kaskazini, wenyewe waliopoteza ndugu walikasirika mpaka mawe yakarushwa. Huruma ya wale vijana ilikuwa ya kweli, ila iliishia dukani. Hata hapa kwetu ukiona bidhaa imeandikwa sehemu ya faida itaenda kwa yatima, uliza ni shilingi ngapi kwa kila pakiti, kama hawasemi basi hapo unanunua sabuni tu.

Ombi langu kwako mhariri, wilaya ya Bulambuli huko mashariki ilipofunikwa na matope ya maporomoko Novemba 2024 magazeti yalijaa picha na watu wakatoa. Rudini kule mtuandikie nani kajengewa, nani bado hana pa kulala, hela zilifika wapi, hata kama habari yenyewe haina mtu analia. Na sisi wasomaji tutenge kiasi cha kila mwezi, hata elfu 5, kitoke kabla hatujaona picha yoyote, yule mama wa figo aanze kuhesabiwa humo.

Msomaji wenu,
Nsambya, Kampala