Mwanangu, kabla hujaketi kwenye muungano wa kuwakinga vijana na vilevi

Mwanangu mpenzi,

Umesema unaanza kujitolea kwenye muungano wa jamii unaowakinga vijana na pombe, sigara na dawa za kulevya. Nimefurahi mno, na kwa kuwa umeuliza uanzie wapi, nakuandikia kwa kirefu. Kazi hii huharibiwa na wenye nia njema mara nyingi kuliko wenye nia mbaya, kwa hiyo mengi humu ni ya kukuonyesha pa kujihadhari.

Kwanza kabisa, muungano si kundi la wahubiri. Marekani walianzisha programu ya DARE mwaka 1983, polisi wakaingia madarasani kuwaonya watoto. Ikaenea, wazazi na walimu wakaipenda. Watafiti walipowafuatilia wanafunzi waliopitia mtaala ule wa awali, hawakuona tofauti ya maana kati yao na wenzao ambao hawakuupitia, na baadaye mtaala ukabadilishwa. Kijana wa miaka 14 anajua tayari kwamba sigara ni mbaya. Anaanza kwa sababu sigara iko jirani, rafiki zake wanavuta, hakuna mtu mzima anayejua yuko wapi usiku, na shuleni hana anachokipenda. Hayo ndiyo mnayokwenda kuyabadilisha: upatikanaji, kanuni za nyumbani, muda mtupu, na mahusiano yake na watu wazima. Na kumchelewesha tu kuanza ni faida kubwa. Ubongo huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, sehemu ya mbele inayozuia pupa ikiwa ya mwisho, na wanaoanza pombe kabla ya miaka 15 huangukia uraibu mara nyingi zaidi kuliko wanaosubiri hadi utu uzima.

Kwenye kikao cha kwanza, tazama nani hayupo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1997 inayofadhili miungano ya namna hii inadai sekta 12 mezani: vijana, wazazi, shule, wafanyabiashara, vyombo vya habari, mashirika ya vijana, polisi, taasisi za dini, vikundi vya kujitolea, watoa huduma za afya, serikali, na wanaoshughulika na uraibu moja kwa moja. Mahali popote orodha hiyo inafaa kama kipimo. Kasoro ya kawaida ni meza kujaa walimu na viongozi wa dini, ilhali mwenye duka la vileo na mfamasia hawajaalikwa, na kijana yupo mmoja tu wa kupigwa picha. Kijana mmoja kati ya watu wazima kumi na watano hunyamaza. Leteni watatu au wanne, wapeni ajenda mapema, wekeni kikao baada ya saa za shule, na kura zao zihesabiwe sawa na za wengine.

Ukitaka kusaidia haraka, omba ukatibu. Muungano haufi kwa kukosa mawazo, hufa kwa maazimio yasiyo na mwenyewe. Kila azimio liandikwe na jina la mtu na tarehe, muhtasari uwafikie wajumbe ndani ya siku mbili, na kikao kinachofuata kianze kwa kuusoma.

Kisha mpime kabla ya kutenda. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi hukata kona. Maswali makuu ni manne: je, umetumia katika siku 30 zilizopita, unaona kuna hatari kiasi gani, wazazi wako wangeona ni kosa kiasi gani, rafiki zako je. Yaulizwe kwa kila kilevi peke yake, pombe mbali, tumbaku mbali, bangi mbali, dawa za hospitali zisizoandikwa kwa jina lako mbali. Hojaji irudiwe angalau kila baada ya miaka miwili kwa maneno yale yale. Mkibadilisha swali hata kidogo, hamtaweza tena kulinganisha.

Pateni ruhusa ya shule na idhini ya wazazi, na mwanafunzi aambiwe wazi kwamba anaweza kukataa. Darasani madawati yaachane. Mwalimu akae mbele, asizunguke kati ya safu, maana akipita tu karibu na dawati majibu yanabadilika. Pasiwe na jina wala namba ya mtihani. Angalia pia maswali ya utambulisho: ukiuliza umri, jinsia, darasa na mtaa kwa pamoja kwenye darasa dogo, umeshamtaja mtoto bila kuandika jina lake, kwa hiyo ondoa moja au mawili. Kosa lingine ni maelekezo ya "kama hujawahi, ruka hadi swali la 20". Wasiotumia watamaliza mapema, na atakayebaki anaandika atajulikana na darasa zima. Panga hojaji ili kila mmoja ajibu kila swali, na "sijawahi" iwe mojawapo ya majibu. Tia pia jina la kilevi cha kubuni kisichokuwepo duniani. Atakayesema amekitumia hajibu kwa ukweli, kwa hiyo karatasi yake iwekwe kando. Mwisho kila mmoja atumbukize karatasi yake mwenyewe kwenye bahasha, na ifungwe mbele yao wote.

Matokeo yasomeni kwa pande zote mbili. Tuseme 12 katika kila 100 walikunywa mwezi uliopita: 88 hawakunywa. Vijana hudhani wenzao wanatumia zaidi kuliko ilivyo kweli, na dhana hiyo huwavuta. Bango linalolia kwamba "vijana wetu wote wanaangamia" linaithibitisha. Tangazeni hao 88, ila kwa takwimu zenu wenyewe, si za kuazima.

Iceland wamefanya kazi hii ya kupima na kutenda kwa uvumilivu kuliko wengine. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Hakukuwa na dawa moja. Walipima mara kwa mara, matokeo yakarudi haraka kwa kila shule na kila halmashauri, wazazi wakakubaliana saa za watoto kuwa nyumbani, na fedha za umma zikawekwa kwenye michezo na sanaa zenye wasimamizi baada ya shule.

Mkishapata takwimu, ulizeni "kwa nini" mara mbili. Wanakunywa, kwa nini? Ni rahisi kupata. Kwa nini hapa ni rahisi? Kama wanaitoa kabatini nyumbani, kazi yenu ni wazazi na kufuli. Kama wanauziwa, kazi yenu ni wauzaji: watembeleeni, wafundisheni kuomba kitambulisho, halafu mamlaka husika ifanye ukaguzi wa ununuzi, yaani kumtuma kijana ajaribu kununua ili ionekane kama atauziwa. Usifanye ukaguzi huo kienyeji na kijana wa kwenu. Bila idhini ya wazazi na msimamizi wa kisheria mnamweka mtoto hatarini. Kama ni vidonge vya hospitali, andaeni siku ya watu kurudisha dawa zilizobaki majumbani, pamoja na mfamasia na polisi, na wewe usizishike wala kuzihesabu. Kazi yako iwe kupokea watu na kuwafundisha kufuta majina kwenye vifungashio.

Mkichagua mafunzo, yawe yale yaliyopimwa, na yafanyike yote. Mtaala wa stadi za maisha unaoitwa LifeSkills Training una vipindi 15 mwaka wa kwanza, 10 wa pili na 5 wa tatu. Ule wa familia zenye watoto wa miaka 10 hadi 14, Strengthening Families, una vikao saba vya saa mbili: saa ya kwanza wazazi peke yao na watoto peke yao, saa ya pili wote pamoja. Shule zitakuomba mkate vipindi nusu. Mkikata, msidai matokeo yaliyopatikana kwa vipindi vyote.

Yapo mambo watakayoyapendekeza kwa shauku ambayo ningependa uyapinge kwa adabu. La kwanza ni kumleta aliyepona uraibu kuwasimulia wanafunzi. Mtu huyo anastahili heshima na nafasi mezani kwenu, lakini mtoto husikia kwamba alitumia, akapona, na leo anapigiwa makofi. Picha za sindano na maiti nazo acheni. Zinawashtua wasiotumia kwa siku mbili na zinawaamshia hamu wanaojitahidi kuacha. Msiwakusanye vijana watukutu kwenye kundi lao peke yao, maana hufundishana. Wachanganyeni na wenzao. Na fedha za kampuni za pombe au tumbaku msipokee, hata kama bajeti imekauka, kwa sababu siku mtakapotaka kuzungumzia matangazo yao mtakuwa mmeshafungwa mdomo.

Mapema au baadaye kijana atakuambia kwamba anatumia. Usimwahidi siri kamili kabla hajaongea. Mwambie utaitunza isipokuwa kama uhai wa mtu uko hatarini. Sikiliza, usimwite teja hata kwa utani, usiulize anakopata. Uliza anatumia nini, mara ngapi, na kama yuko peke yake anapotumia. Kama anakunywa pombe nyingi kila siku, au anameza kila siku dawa za usingizi au za kutuliza wasiwasi, usimwambie aache leo: kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Apelekwe kwa mhudumu wa afya apunguziwe kwa utaratibu. Orodha ya mahali pa rufaa, pamoja na namba za simu ulizozijaribu mwenyewe, iwe mfukoni mwako kabla ya siku hiyo.

Jifunze pia kutumia naloksoni, dawa ya dharura inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini na dawa za jamii yake. Mtu aliyezidiwa na heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni haitiki, anapumua polepole sana au hapumui, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, na midomo imebadilika rangi. Mtikise na umwite kwa sauti, piga simu ya dharura, mpe naloksoni, mpulizie pumzi kama hapumui. Asipojibu baada ya dakika mbili au tatu, mpe dozi ya pili. Akianza kupumua mlaze kwa ubavu, na usiondoke hata akisema amepona. Naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kubaki mwilini muda mrefu zaidi ya hapo. Ikiwa hakuwa ametumia afyuni, naloksoni haitamdhuru, kwa hiyo usisite.

Waambie wenzako mapema una saa ngapi kwa wiki, na taja chache kuliko unavyotamani. Vijana hawa wameshazoea watu wazima wanaokuja mara mbili na kutoweka. Na rasimu ya hojaji yenu ikishakuwa tayari, nitumie niisome kabla haijachapishwa.

Akupendaye,
Mama yako