Kwa mpwa wangu, kabla hujajibu barua ya benki

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia umepata kazi mbili, moja benki, nyingine kwenye udhibiti wa bei za umeme na maji, na kwamba hii ya pili unaiona haina hadhi. Nisikilize kwanza. Kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote na bado naipenda.

Chukua mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme. Ulisainiwa 1995, wakati ukame umetutia kwenye mgao wa umeme: megawati 100 za mitambo ya mafuta pale Tegeta, miaka 20. TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilitakiwa kulipia uwezo wa mitambo kila mwezi, iwashwe isiwashwe, na malipo hayo yalipigiwa hesabu kutokana na gharama ya ujenzi. Gharama ikitajwa juu, mwananchi anailipia miaka yote ya mkataba. Ilibidi shauri lifike kwa wasuluhishi wa kimataifa ndipo bei ikashushwa, na umeme ukaanza kuuzwa 2002. Mdhibiti huru hatukuwa naye. Sheria ya kuunda EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilitungwa 2001, na mamlaka yenyewe ikaanza kazi 2006. Swali la "gharama hii imetoka wapi?" linahitaji mtu anayelipwa kuliuliza kabla ya saini. Mtu huyo ni mchumi.

Halafu kuna mikutano ya taftishi, yaani ya kusikiliza maoni ya wananchi, shirika linapoomba kupandisha bei. Katika mmoja, mama muuza barafu alisimama na risiti zake za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Umeme ukikatika usiku, alisema, barafu inayeyuka, na asubuhi ananunua uniti nyingine kugandisha maji yale yale. Majedwali yaliyowasilishwa yalikuwa na hasara ya shirika hadi senti. Ya kwake haikuwemo hata mstari mmoja. Hesabu ya namna hiyo hutaifanya benki.

Usidhani lakini kazi ni kukataa kila ongezeko. Bei ikishikiliwa chini ya gharama, transfoma hazibadilishwi, na wa mwisho kwenye laini ndio wanaokaa gizani. Utalaumiwa na shirika na wateja, wiki hiyo hiyo. Mimi nimelaumiwa sana, na naona ni haki yao.

Ukikubali, njoo kwangu kabla ya kuripoti. Tutasoma pamoja mkataba mmoja wa kununua umeme, tukianza na viambatisho, maana kanuni ya bei hukaa huko.

Mjomba wako