Walionipokea ugenini ndio wananifanya nishindwe kuzoea, nifanyeje?

Shangazi shikamoo, na wasomaji wote habari za saa hizi. Mimi ni msomaji wa kimya kimya, huwa nasoma barua za wenzangu, nacheka, nasikitika, napita zangu, sikuwahi kudhani ipo siku na mimi nitaandika. Samahanini mapema kama itakuwa ndefu, hili jambo limenikaa kifuani mwezi wa pili sasa na huku nilipo sina wa kumwambia, wale ambao ningewaambia ndio wenyewe wanaohusika.

Niko mwaka wa tatu chuo, nimekuja Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, miezi 10, yaani semista mbili halafu narudi kumalizia nyumbani. Nchi sitaitaja wala mji, sisi wa kwetu huku tunahesabika, nikitaja tu nimeshajulikana. Nina miezi minne sasa.

Nianze na deni ili mnielewe. Nilifika usiku na chumba nilichoahidiwa hosteli hakikuwa tayari kwa sababu mkataba ulikosewa tarehe, kosa dogo tu lakini huku karatasi ikikosewa imekosewa, hakuna cha naomba unisaidie dada. Sasa benki wanataka uthibitisho wa makazi ndio wafungue akaunti, hosteli wanataka akaunti ndio watoe mkataba mpya, ofisi ya kuandikisha wakazi wanataka mkataba, na pesa ya ufadhili haiingii bila akaunti. Nikawa nazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta. Aliyenitoa hapo ni kaka mmoja wa kwetu, ana miaka sita huku, sisi wote tunamwita Kaka tu. Alinipokea stesheni usiku ule, nikalala kwake chini siku tisa, akanipeleka ofisi moja baada ya nyingine akiongea kwa niaba yangu, na dhamana ya chumba akanikopesha yeye bila hata kuandikishana. Deni la pesa nimeshalilipa. Hilo lingine sijui linalipwaje.

Kila jioni tunakutana chumbani kwake, watu sita mpaka wanane. Wiki za mwanzo ile ilikuwa dawa Shangazi, sikudanganyi. Mchana kutwa nashinda na lugha ya watu, cheti ninacho, darasani mwalimu akiongea namuelewa vizuri, lakini wanafunzi wenyewe wakianza kuongea kwenye korido wanameza nusu ya maneno, mtu anatania wote wanacheka mimi nacheka sekunde tatu baadaye, na siku nyingine nacheka kitu ambacho hakikuwa utani. Ukitoka hapo unachoka kichwa utadhani umebeba mizigo. Halafu jioni unaingia kwa Kaka unavua viatu unaongea bila kutafuta neno. Hiyo raha asiyewahi kuikosa hawezi kuijua.

Tatizo ni tunachoongea. Mwanzoni ilikuwa vichekesho tu, kila mtu na kioja chake cha siku hiyo, tunaigiza sauti za wenyeji, tunacheka mpaka machozi. Taratibu nikaanza kuona hakuna stori nyingine. Hawa watu hivi, hawa watu vile, hawa watu hawana moyo, hawa watu ukiona amekuchekea jua anataka kitu. Mtu akija na habari nzuri, mfano profesa kamsifia, ataambiwa subiri utaona. Na mimi nimo, sijitoi, kuna siku niliongoza mimi.

Mfano wa jikoni. Kwenye korido yetu tunachangia jiko watu watano, siku moja nikakuta karatasi kwenye friji imeandikwa jina langu kwamba wiki hii zamu ya usafi ilikuwa yangu na sijafanya. Nikaipiga picha nikaituma kwenye gurupu letu la WhatsApp, moto ukawaka, voisi noti zaidi ya ishirini, wengine wananiambia ule ni ubaguzi mtupu nisifanye huo usafi ng'o waone. Sikufanya. Wiki mbili nawasalimia majirani zangu kwa kichwa tu, naingia jikoni saa ambazo najua hawapo. Kuja kuangalia vizuri, ratiba ya zamu iko ukutani pale tangu siku naingia, na kwenye friji zimeshabandikwa karatasi za kila mtu, yule anayekaa chumba cha mwisho ana tatu. Kumbe ndio wanavyoambiana, kwa karatasi. Nilisafisha lile jiko usiku wa manane peke yangu kama mwizi, mpaka oveni.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi ubaguzi haupo, upo na nimekutana nao uso kwa uso, mara mbili, na mara ya pili sikulala. Ninachosema ni kwamba nilifika mahali siwezi tena kutofautisha ubaguzi na karatasi ya usafi, vyote vinaniingia kwa mlango mmoja.

Na kuna binti tuko naye kwenye kazi za maabara, mpole, anaongea taratibu makusudi nimuelewe. Alinialika mara tatu, wana kikundi wanatembea porini Jumapili na wanafunzi wengine wa kubadilishana kutoka nchi tofauti. Mara tatu nilikataa kwa sababu Jumapili ni ya kwa Kaka, ukikosekana utaulizwa. Mara ya nne akawaalika wengine mbele yangu, mimi hakuniangalia. Hakuwa na hasira wala nini, alikuwa ameshajua jibu. Shangazi niliumia kuliko nilivyoumia na yule mbaguzi niliyekutana naye kwenye basi, maana huyu sikuwa na wa kumlaumu.

Usiku huo nikaingia mtandaoni kutafuta kama kuna binadamu mwingine yalimkuta. Nikakutana na hotuba ya mwanaanthropolojia mmoja wa Kanada, Kalervo Oberg, aliyetoa mwaka 1954 kule Rio de Janeiro, ikaja kuchapishwa 1960, ndiye aliyeeneza ile habari ya mshtuko wa utamaduni, yaani ile hali ya mtu kuvurugika akiingia kwenye nchi na desturi za watu. Huyu mzee si mtu wa kusoma vitabu tu, aliwahi kuishi Uganda kwa Wanyankole miaka ya 1930 akifanya utafiti, kwa hiyo ugeni anaujua. Ameorodhesha dalili: kunawa mikono kupita kiasi, kukasirika kwa kucheleweshwa kidogo, kutazama mbali kama mtu asiyekuwepo, kuhisi kila mtu anataka kukuibia, na kung'ang'ania watu wa kwenu waliokutangulia. Hapo nikakaa wima kitandani. Halafu mbele anasema ukiona wageni wamekaa pamoja wanawasema vibaya wenyeji basi jua wanaumwa mshtuko huo. Nilihisi kama alikuwa amekaa kwenye kochi la Kaka anatusikiliza.

Nikaendelea kusoma nikazidi kuchanganyikiwa. Kuna mtafiti wa Norwei, Sverre Lysgaard, mwaka 1955 aliandika kuhusu Wanorwei zaidi ya 200 waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, akakuta waliokaa chini ya miezi 6 walizoea vizuri, waliokaa miezi 6 mpaka 18 walipata shida, waliozidi miezi 18 wakakaa sawa tena. Piga hesabu na miezi yangu 10! Ina maana nitapanda ndege ya kurudi nikiwa katikati ya shimo. Halafu wengine wakaja wakapinga, mwaka 1998 walitoa utafiti wa wanafunzi wa Kijapani waliokuwa New Zealand wakaona taabu kubwa iko mwanzoni kabisa, ikizidi kwenda inapungua. Mimi nimeamua kuwaamini wa Wajapani, kwa sababu za kibinafsi.

Basi nikaamua nipunguze. Sikuaga wala kutangaza, nikakosa jioni mbili za wiki nikakaa maktaba, maana na shule nayo imeanza kudai. Mfumo wao wa krediti, ECTS, semista nzima ni krediti 30 na krediti moja inahesabiwa saa 25 mpaka 30 za kazi, saa nyingi kati ya hizo ni za kusoma mwenyewe, hakuna wa kukukumbusha, sasa mimi jioni zangu zote zilikuwa zinaishia kwenye lile kochi. Wiki ya pili kwenye gurupu wakaanza kuniita Mwenyeji. "Mwenyeji leo atatukumbuka?" "Mwenyeji ameshapata watu wake." Na emoji za kucheka. Ni utani, najua ni utani, ila hakuna anayeniita jina langu tena. Mmoja akanitumia pembeni kwamba Kaka hajasema kitu ila ameumia, alikulaza chini ya paa lake, usisahau ulikotoka. Nikarudi siku ile ile, nikacheka zaidi ya wote.

Kinachonifunga zaidi ni kwamba Kaka si mtu mbaya. Mwenzetu mmoja alipolazwa, Kaka ndiye aliyekaa naye hospitali usiku mbili mfululizo na kesho yake akaenda kazini. Ila miaka sita huku na sijawahi kuona mwenyeji hata mmoja akigonga mlango wake. Siku moja tuko wawili tu tunaosha vyombo akaniambia, mdogo wangu, mwaka wangu wa kwanza nilijaribu, wakanichosha. Nikataka kumuuliza ilikuwaje, wengine wakaingia. Nalifikiria sana lile neno, nilijaribu. Labda yeye ni mimi wa baadaye, labda ana sababu nzuri kuliko nilizonazo mimi za kutojaribu.

Nyumbani sijasema kitu. Mama anapiga kila jioni namwambia safi kabisa, anauliza umepata marafiki, nasema wengi. Na kweli ni wengi.

Sasa Shangazi, swali langu liko hivi. Yule binti wa maabara Ijumaa kaniuliza tena, sikutegemea, kasema Jumapili ijayo wanakwenda kutembea kutwa nzima, wanatoka saa mbili asubuhi wanarudi jioni, nataka nije au sitaki, kaniomba nimjibu kabla ya Alhamisi kwa sababu wanakata tiketi za kikundi. Na Jumapili hiyo hiyo ni siku ya kuzaliwa Kaka, tumeshachanga, mimi nimepangiwa kusaidia kupika tangu asubuhi. Nikienda porini, hapa nyumba nzima nitakuwa Mwenyeji mpaka naondoka. Nisipokwenda sidhani kama kuna mwaliko wa tano.

Wapo watakaoniambia nenda kote kuwili, muda hauruhusu nimeshaupiga mahesabu. Wapo watakaosema mwambie Kaka ukweli, hapo ndipo nataka msaada hasa, unamwambiaje mtu aliyekupokea kwamba unampenda na unamshukuru ila chumba chake kinakuumiza? Kwa maneno gani, na nimwambie kabla ya sherehe au baada? Na je nimwombe yeye aje na sisi porini siku nyingine, au nitakuwa namdhalilisha mkubwa wangu kwa kumfundisha mji alioishi miaka sita? Hilo la mwisho limenijia sasa hivi nikiandika, sijui kama ni wazo au ni usingizi.

Nimeandika ujumbe kwa Kaka mara tatu nikafuta, wa mwisho ulikuwa unaanza na "Kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu" kama naandikia ofisi. Waliowahi kuishi nje naombeni mnijibu, hasa nyie mliokuwa upande wa Kaka, mlitaka wadogo zenu wawaambie nini. Leo Jumatatu.

Ni mimi, Mwenyeji asiye mwenyeji