Kikao kimesogezwa hadi Alhamisi

Habari za jioni wanakikundi,

Kikao chetu si Jumatano tena, ni Alhamisi saa 2:00 usiku, kwa video. Kiungo nitakiweka hapa nusu saa kabla. Tutalinganisha maneno yanayojirudia kwenye majibu ya dodoso, ya wanafunzi na ya walimu, kwa Voyant Tools, programu ya kuchambua matini. Ni bure na inafunguka kwenye kivinjari.

Kabla ya hapo naomba:

1. Kila mmoja asafishe majibu aliyogawiwa. Toa majina na namba za simu, maana matini yanapakiwa mtandaoni. Faili moja kwa kila kundi.

2. Leta maneno ya kuachwa, yaani yale madogo yasiyobeba hoja: na, ya, wa, kwa, ni. Tusipoyaondoa, wingu la maneno (picha ambamo neno linalojirudia zaidi huandikwa kubwa zaidi) lote litajaa "na" (mnakumbuka tulivyocheka).

3. Hapa ndipo penye kazi. Kompyuta huhesabu "anasoma", "walisoma" na "kusoma" kama maneno matatu tofauti. Tukubaliane mapema yapi yaunganishwe, la sivyo hoja nzito itaonekana nyepesi.

Tena tusilinganishe hesabu ghafi, kwa sababu wanafunzi wameandika mengi zaidi. Tutumie idadi kwa kila maneno 1,000. Wingu la maneno mimi naliona pambo tu: neno refu huonekana kubwa hata lisipojirudia sana. Chati ya pau inasomeka vizuri zaidi.

Faili zinifikie Jumatano saa 12:00 jioni. Tafadhali jibu "Nipo" au "Sitaweza" leo kabla ya kulala. Asanteni sana.