Tunatumia bure, nani anaziba matobo?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wa IT wanaijua Ingress NGINX, ile programu ya bure inayokaa mlangoni mwa Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja), inapokea maombi kutoka intaneti na kuyapeleka kwenye huduma husika, sasa Novemba 2025 wasimamizi wa Kubernetes wenyewe walitangaza wanaistaafisha, mwisho Machi 2026 halafu basi, hata tobo la usalama likionekana hakuna wa kuliziba. Sababu? Miaka yote hiyo kazi ilikuwa ya mtu mmoja au wawili, wanaifanya usiku na wikiendi baada ya ajira zao! Jamani, na dunia nzima inaitumia. Machi 2025 liliibuka tobo lililosajiliwa kama CVE-2025-1974, ukali 9.8 kati ya 10, mtu akishafika mtandao wa ndani anaweza kubeba siri zote za klasta (kundi zima la seva hizo), wakaliziba kwenye toleo 1.12.1 na 1.11.5. Mabosi mnalipia leseni za kila aina (zingine hata hazifunguliwi), hawa wa Ingress NGINX mmewachangia nini, hata injinia mmoja siku moja kwa wiki? Na ambao hamjaihama muulizeni msimamizi wenu wa seva leo hii, maana haitazimika yenyewe, itaendelea kupiga kazi kama kawaida huku haina fundi.

Mdau wa seva,
Dar es Salaam